Nywele za Mpwa Wangu

Wasomaji wapenzi, niliwaahidi kwamba juma hili nitaendelea na habari ya kideri cha kuku. Niwieni radhi, kuku watangoja. Juzi nimerudi kutoka Kagunga, na shauri nililolikuta huko limenikaa moyoni, tena naona si shauri la nyumba moja tu. Ni shauri la nywele za kijana mwanamume.

Kwa wale wasiopajua, Kagunga ni kijiji cha mwisho cha Tanzania katika ufuko wa Ziwa Tanganyika upande wa kaskazini. Ukikipita unaingia Burundi. Watu wengi walilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza mwaka 2015, wakimbizi wa Burundi walipojaa ufukoni pale kwa maelfu, na meli yetu kuukuu, MV Liemba, ikawa inawachukua kuwapeleka Kigoma. Mimi nilikwenda kwa mashua kutoka Kibirizi. Tukaipita misitu ya Gombe, tukaipita Mwamgongo, na jua lilipoanza kuinama nyuma ya milima ya Kongo tukafika. Dada yangu ameolewa huko, naye alikuwa akimwoza binti yake mkubwa siku ya Jumamosi. Siku niliyofika ilikuwa Jumatano.

Hata maji ya kunywa sijapewa, shemeji yangu akanishika mkono akanipeleka kando.

“Shemeji,” akasema, “wewe ndiwe mjomba wake. Mwambie mpwa wako anyoe. Jumamosi wageni watatoka mpaka Nyanza-Lac, nami sitaki kusimama kanisani karibu na kichaka. Asiponyoa, asije kanisani, wala nyumbani kwangu asilale tena.”

Nikamwuliza kijana mwenyewe amejibu nini.

“Hajibu. Huvaa kofia yake akaenda ziwani.”

Kijana huyu ana miaka 22, ni mvuvi wa dagaa. Wale wanaoijua kazi hiyo wanajua kwamba dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na mvuvi hurudi alfajiri amelowa, ananuka samaki, na usingizi umemjaa machoni. Basi alipokuja kunisalimu nilimtazama vizuri. Nywele zake zilikuwa zimesimama pande zote, nyekundu kidogo kwa juu kwa sababu ya jua, na katikati zimeshikana kama sufi ya mto uliolowa. Kofia ya sufu alikuwa nayo mkononi, bado mbichi. Aliniamkia kwa adabu, “Shikamoo, mjomba,” akakaa nyuma karibu na mlango.

Dada yangu naye alikuwa na lake. Kila Jumapili baada ya chakula hukaa na kijana huyu nusu ya mchana akimchana. “Mikono inaniuma, kaka,” akaniambia. “Hiki ni kitana cha tatu. Viwili vimekatika meno.” Kwa hiyo katika nyumba ile waliokuwa na taabu ni watu watatu, si wawili kama shemeji alivyodhani.

Usiku ule, baada ya ugali wa muhogo na migebuka, maneno yakaanza. Shemeji yangu ni mtu wa kusoma, akaleta barua ya Mtume Paulo kwa Wakorinto, pale anaposema kwamba nywele ndefu ni aibu kwa mwanamume. Dada yangu akainua macho yake ukutani, kwenye picha ya Moyo Mtakatifu, ambayo nywele zake zafika mabegani. Hakusema neno. Shemeji akacheka, kisha akakasirika kwa kuwa amecheka. Mimi nikamtaja Absalomu, mwana wa Daudi, ambaye alinyoa mara moja tu kwa mwaka, na nywele zake zilipopimwa zilikuwa shekeli 200, yaani kama kilo mbili. “Naam,” shemeji akasema, “na mwisho wake ulikuwaje?” Hapo alinishinda, maana wote tunaijua habari ya ule mti.

Walakini nilimwambia jambo moja ambalo nalishika hata sasa. Wazee wengi husema nywele ndefu za wanaume ni mambo ya juzi, yaliyoletwa na muziki na picha za nje. Si kweli. Huko Rwanda, si mbali na Kagunga, wanaume wa zamani walizifuga nywele zao wakazinyoa kwa mistari iliyosimama kama matuta, wakaziita amasunzu, na mtu mzima mwenye heshima aliona fahari kutembea nazo. Wamorani wa Kimasai husuka nywele ndefu na kuzipaka mafuta na udongo mwekundu, na siku ya kuuacha umorani mama zao ndio huwanyoa. Hasira ya wakubwa juu ya nywele za vijana nayo ina historia yake. Huku bara, mwaka 1969, vijana wa TANU walipiga vita sketi fupi, suruali za kubana na nywele za bandia. Unguja nao, katika miaka ya 1970, walizikataza nywele ndefu za wanaume. Na Malawi ya Rais Banda mgeni mwanamume mwenye nywele ndefu aliweza kunyolewa mpakani kabla hajaingia nchini. Sheria hizo zimepita, na nywele zimeendelea kuota.

Shemeji akaniambia kwamba yeye hakunialika kuhutubia. Tukalala.

Asubuhi ya Alhamisi nilimwambia kijana, “Twende ziwani, nikuoshe kichwa.” Alistaajabu, maana mimi mwenyewe nina kipara, sina hata cha kuchana. Lakini nimelea binti wanne, na mke wangu alikuwa haniachi nikae bure Jumamosi jioni. Nilishika taa, nilishika mafuta, na mwisho nikashika kichwa. Basi tukashuka ufukoni na ndoo, sabuni, ndimu, na kichupa cha mafuta ya mise ya dada.

Alipoinama ndipo nilipoona. Kisogoni, pale nywele zinapokutana na shingo, palikuwa na vivimbe kama kumi na viwili, vigumu kama punje za mahindi, vingine vimeungana vikawa kovu linalong'aa lisilo na unywele hata mmoja. Kimoja kilikuwa na usaha.

“Hivi ni vya tangu lini?”

Akanyamaza kidogo. “Tangu nilipotoka shule, mjomba. Miaka minne. Kila niliponyolewa kwa wembe vilizidi. Vilikuwa vinawasha, halafu vinauma, siwezi hata kulala chali. Miaka miwili iliyopita nikaacha kunyoa, vikatulia kidogo.”

“Baba yako anajua?”

“Mwanzoni nilimwonyesha, vilipokuwa viwili vitatu. Akasema ni vipele vya joto. Sikumwambia tena. Angesema natafuta sababu.”

Wasomaji, nilikaa juu ya jiwe. Nyumba nzima ilikuwa ikigombana juu ya uhuni, bangi, Paulo na Absalomu, na kumbe kijana alikuwa anaficha kidonda.

Nieleze jambo hili, maana naamini wako vijana wengine vijijini mwenu walio nalo. Nywele zetu hutoka katika ngozi zikiwa zimepinda, kwa kuwa hata shina lake ndani ya ngozi limepinda. Ukiukata unywele wa namna hiyo karibu kabisa na ngozi, unabaki na ncha kali. Nao unapoota hufuata asili yake, hujikunja na kuichoma ngozi ile ile uliyotoka. Ngozi huvimba kana kwamba imeingiwa na mwiba. Kwa wanaume wengi hutokea kidevuni, kwa wengine kisogoni, na huko kisogoni hupenda kugeuka makovu magumu. Kunyoa kwa wembe na kusuguliwa na kola ngumu au kofia huzidisha. Kwa hiyo mtu wa namna hii kumwambia “nyoa upara upone” ni kumwongezea ugonjwa. Aache nywele zifikie urefu fulani, asiviminye vivimbe, asipake maji ya betri wala dawa za kubahatisha, aende zahanati mapema. Dawa za kupaka na za kumeza zipo, nazo hufanya kazi vizuri zaidi kabla makovu hayajakomaa. Na wembe mmoja usipite vichwa viwili, maana damu hubeba maradhi, UKIMWI na homa ya ini yakiwamo. (Akina mama, msichanganye jambo hili na mapunye ya watoto, yale mabaka ya duara yanayoambukiza. Yale ni ukungu unaoingia mpaka ndani ya unywele, na kwa kawaida hutaka dawa ya kumeza, si ya kupaka peke yake.)

Lakini kijana alikuwa na kosa lake pia, nami sikumficha. Kuacha kunyoa si kufuga nywele. Alikuwa ameziacha tu, kama shamba lililoachwa, na mama yake ndiye aliyelilima kila Jumapili kwa jembe bovu. Nikamwambia, “Kuanzia leo mama yako asishike kitana. Mwanamume anayetaka nywele ndefu na ajue kazi yake.” Akasema hakufundishwa. Neno hilo lilikuwa la haki. Wasichana hufundishwa na mama zao. Wavulana sisi huwapa wembe tu.

Basi nikamfundisha, na kwa kuwa pengine mwanao anauliza hayo hayo, naandika tulivyofanya.

Kwanza nilikitupa kitana cha meno membamba. Nywele nene za kujisokota ni dhaifu pale zinapopinda, kama waya uliokunjwa mara nyingi, na ukizichana kavu kwa kitana hicho utasikia zikilia tap, tap, tap. Kila tap ni unywele uliokatika. Kinachofaa ni chanuo, lile lenye meno manene yaliyoachana. Hapo Kagunga hatukulipata upesi, lakini kuna fundi wa mashua jirani, akatuchongea moja la meno saba kwa kipande cha mbao iliyobaki, akalisugua kwa msasa mpaka likawa laini.

Nilizigawa nywele mafungu manne, kila fungu nikalifunga kwa kamba ya nyavu. Fungu moja nikalilowesha, nikalipaka mafuta, nikaanza kufumua mafundo kwa vidole. Kwa vidole, siyo kwa chanuo. Vidole huhisi fundo, chanuo halihisi kitu. Kisha chanuo likaanza kwenye ncha, likapanda kidogo kidogo kuelekea kichwani. Watu wengi huanza kichwani na kuvuta kwenda nje; hivyo mafundo yote husukumwa pamoja yakawa fundo moja kubwa, na machozi hutoka. Nilipouvuta unywele mmoja ukanyooka ulikuwa karibu shibiri nzima. Nilipouacha ukarudi ukawa kama urefu wa kidole. Nywele huota kama sentimeta moja kwa mwezi, au pungufu kidogo, kwa hiyo hesabu yake ya miaka miwili ilikuwa sawa.

Halafu sabuni. Kijana alikuwa akiosha kichwa kwa sabuni ya mche, ya kufulia, ili kuondoa harufu ya dagaa. Sabuni hiyo ni kali, huondoa harufu na mafuta yote pamoja. Kichwa chenyewe hutoa mafuta yake kidogo kidogo. Katika nywele zilizonyooka hushuka kwa urahisi, lakini katika nywele zetu ni kama mtu apandaye milima iliyo nyuma ya Kagunga kwa njia ya kona nyingi, hafiki juu. Ndiyo sababu nywele zetu hukauka upesi. Basi tumia sabuni ya kuogea iliyo laini, isugue ngozi ya kichwa kwa ncha za vidole bila kucha, na nywele zenyewe zitapata povu la kutosha linaposhuka. Mara moja kwa juma inatosha. Siku nyingine mvuvi na asuuze kwa maji matupu.

Tena kuna jambo la maji, nalo wengi wa ufukoni hawalijui. Maji ya Ziwa Tanganyika si ya chumvi kama ya bahari, lakini yana magadi. Ukiyapima huyakuta karibu kipimo cha 9, na maji matupu ya kawaida ni 7. Maji ya namna hiyo, yakichanganyika na sabuni, huacha utando juu ya nywele na kuzifanya ngumu kushika. Kwa hiyo maji ya mwisho tulitumia ya mvua, yaliyokingwa na dada kwa bati, na ndani ya lita tatu hivi nikakamua ndimu moja. Ndimu huuondoa ule utando. Ila nililikinga eneo la vidonda kwa kitambaa, maana ndimu huwasha, kisha nikasuuza tena kwa maji safi, kwa kuwa ndimu likibaki juu ya ngozi juani huweza kuiunguza.

Nywele zikiwa bado na unyevu, nikampaka mafuta ya mise, kiasi cha kijiko cha chai, mikononi kwanza halafu kwenye nywele. Watu wa Kigoma hawahitaji kununua vikopo vya mjini. Mawese hutoka katika nyama ya nje ya chikichi, nayo hutia rangi mto na kola. Mise hutoka katika kokwa la ndani, na bibi zetu waliipaka watoto. Lakini mafuta hayaleti maji katika nywele. Huyazuia tu yasitoke. Ukiyapaka juu ya nywele kavu, unazifungia ukavu wake.

Kofia nikaianika juani. Kichwa kibichi ndani ya kofia ya sufu usiku kucha huzaa mba na harufu mbaya. Usiku wa kulala nilimwambia asuke mikia minne mikubwa, ilegee, mfano wa twende kilioni, afunge kitambaa laini, asubuhi afumue. Akacheka kwa aibu akasema wenzake watamwita bibi harusi. Nikamjibu kwamba wenzake hawatamsaidia kufumua mafundo. Ila nikamwonya asisuke kwa kuvuta sana, maana nywele za pembeni mwa paji la uso huchoka zikang'oka, na mwisho hazirudi. Tena anapowasha mashine ya mashua, hasa ikiwa haina kifuniko, azifunge nyuma.

Kazi yote ilituchukua tangu saa tatu hata saa sita kasoro. Tulikuwa na watazamaji wengi, hasa watoto.

Jioni nilimwita shemeji nje. Sikumhutubia tena. Nilimwambia kijana ainame, nikamwambia baba yake apapase kwa kidole. Akapapasa. Akapapasa tena. Akauliza, “Hivi vinauma?” Kijana akasema, “Usiku, baba.” Shemeji akakaa kimya muda mrefu, akasema kwa sauti ya chini, “Miaka minne yumo nyumbani mwangu.”

Kesho yake waliongozana wawili zahanati. Walirudi na dawa ya kupaka, vidonge, na karatasi ya kumpeleka kijana Kigoma baada ya harusi ili yale makovu yakaangaliwe.

Kuhusu kanisa, shauri lilikwisha kwa namna ambayo sikuitazamia. Ni kijana mwenyewe aliyesema, “Baba, zipunguze. Ila si kwa wembe.” Shemeji akaleta mkasi wake wa nyavu, dada akauchemsha kwanza, na baba akamkata mwanawe mbele ya nyumba, jua likizama, polepole kama mtu anayekata uzi uliojifunga. Aliziacha vidole vitatu juu, na kisogoni hakugusa karibu na ngozi. Aliuliza mara nne kama anaumiza. Jumamosi kijana alisimama kanisani karibu na dada yake, shati lake halina kola, na wageni wa Nyanza-Lac walisema tu kwamba amekua.

Si kwamba shemeji amezipenda nywele ndefu. Asubuhi ya Jumapili, nikingoja mashua, bado aliniambia kwamba yeye kama yeye anapenda kichwa kinachoonekana. Lakini lile chanuo la fundi lilikuwa juu ya meza, akalichukua akaligeuzageuza, akasema meno yake yamechongwa vizuri kuliko makasia aliyouziwa na fundi yule yule.

Habari ya kuku, juma lijalo.